Kufuli au Daftari la Kuazimisha? Jibu kwa Mwalimu Mstaafu wa Luanda

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ninaishi karibu na mji wa Luanda, kaunti ya Vihiga. Kanisa letu lilitupa chumba, na wana wa kijiji wanaofanya kazi Nairobi na ng'ambo wakatuletea masanduku ya vitabu, jumla yake karibu vitabu 900. Mwanzoni watoto walijaa hata tukakosa viti. Siku hizi wanaokuja ni wanafunzi wa sekondari wanaosoma madaftari yao wenyewe, na vitabu vya rafuni havifunguliwi. Baadhi ya vitabu vimepotea, hasa kamusi za Kiswahili na vitabu vyembamba vya hadithi. Sasa wanakamati kadhaa wanataka vilivyobaki vifungiwe kabatini, visomwe hapohapo na kwa ruhusa. Je, hilo ni sawa? Na je, tuwaombe watu wetu walioko ng'ambo watutumie vitabu zaidi?

Jibu: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Nimelisoma swali lako kwa makini, na ninaona kwamba kamati yenu inayatazama mambo mawili kana kwamba hayahusiani, yaani vitabu vinavyopotea kwa upande mmoja na vitabu visivyosomwa kwa upande mwingine. Kwa uzoefu wangu wa ukutubi, yote mawili yana asili moja. Chumba chenu kimepata vitabu na meza, lakini hakijapata uazimishaji, na pasipo uazimishaji mtu anayekipenda kitabu hana njia ya halali ya kukipeleka nyumbani, ilhali asiyekijua hana wa kumjulisha. Kwa hiyo jibu langu kuhusu kabati ni fupi: msivifungie. Waazimisheni watu vitabu, viende majumbani, hata kama mnajua kwamba kila mwaka vichache havitarudi.

Wanakamati hao ninawaelewa, kwa sababu wao ndio walioyabeba masanduku na ndio watakaoulizwa na waliochanga. Lakini hebu watazame ni vitabu gani vilivyopotea. Ni kamusi na hadithi za Kiswahili. Hakuna aliyejisumbua kuchukua kitabu cha sheria za kodi za Marekani, nami nina hakika kwamba mnacho, kwa kuwa masanduku ya msaada hayakosi kitabu cha namna hiyo. Maana yake ni kwamba waliochukua walijua wanachokitaka, na walichokitaka ni kusoma. Orodha ya vilivyopotea ndiyo taarifa bora zaidi mliyo nayo kuhusu wasomaji wenu. Ningekuwa katika kamati hiyo, senti ya kwanza ingeenda kununua nakala nyingine za vitabu vivyo hivyo, nyingi kuliko zile za kwanza.

Kabati lenyewe halina usalama mnaoudhania. Mnakaa katika eneo lenye mvua nyingi, na ukungu huanza kuota kwenye karatasi unyevu wa hewa unapodumu juu ya takriban asilimia 65. Katika miezi ya Machi hadi Mei, hewa iliyofungwa ndani ya kabati la mbao lililosukumwa ukutani hupita kiwango hicho kwa urahisi, na mchwa hupanda kutoka sakafuni bila yeyote kujua, kwa kuwa hakuna anayefungua. Nimewahi kuitwa na shule moja kutazama vitabu vilivyohifadhiwa kwa kufuli miaka mingi. Kwa mbele migongo yake ilikuwa imepangika vizuri kabisa, lakini nilipovuta kimoja kikaja jalada tupu lenye udongo ndani. Rafu wazi, iliyoachana na ukuta kwa upana wa vidole vitatu au vinne, na ambayo ubao wake wa chini umeinuka sentimita 15 kutoka sakafuni, huvilinda vitabu kuliko kufuli lolote, hasa ikiwa kuna watu wanaovigusa kila siku.

Mwaka 1931 mkutubi wa Madras nchini India, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni tano za kazi yetu, na ya kwanza inasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Mwaka uleule Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi, jengo zuri la nguzo kubwa, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Vitabu vya pale vilitunzwa vizuri sana. Sikusudii kuifananisha kamati yenu na utawala ule, ila ninaomba mkumbuke kwamba utunzaji mzuri na huduma nzuri ni mambo mawili, na mkilazimika kuchagua, chagueni huduma.

Sasa namna ya kuazimisha. Msinunue programu ya kompyuta kwa sasa. Kuna Koha, programu ya bure iliyoanzia New Zealand na inayotumiwa na vyuo vingi nchini, na siku moja mtaihitaji, lakini kwa vitabu 900 madaftari mawili makubwa yanatosha. La kwanza ni la usajili: kila kitabu kinapewa namba yake, kuanzia 1, pamoja na jina la kitabu, mwandishi, mwaka wa kuchapishwa, tarehe kilipofika na aliyekitoa. Namba hiyo haipewi kitabu kingine kamwe, hata cha kwanza kikipotea. Daftari la pili ni la kuazimisha: tarehe, namba ya kitabu, jina la msomaji, tarehe ya kurudisha, na mahali pa sahihi. Mtoto apewe kitabu kimoja kwa wiki mbili, na mtu mzima viwili. Kwa watoto, dhamana iwe ni mtu badala ya pesa, kwa mfano mzazi, nyanya, mwalimu wa darasa au mzee wa mtaa, afike mara moja aandike jina lake. Ukidai amana ya shilingi mia mbili utakuwa umewafukuza wale ambao maktaba iliwekwa kwa ajili yao.

Faini nazo nawashauri mziache. Mtoto aliyechelewesha kitabu na anayeogopa shilingi kumi kwa siku hatakuja kukirudisha, bali atakificha chini ya kitanda, nanyi mtakuwa mmempoteza yeye na kitabu. Maktaba ya umma ya Chicago, ambayo ni kubwa na ina gharama nyingi, ilifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019, na vitabu vilivyokaa nje muda mrefu vikaanza kurudi. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lile la 1994 na lile lililorekebishwa 2022, linashikilia kwamba huduma hii kimsingi iwe ya bure. Kinachorudisha vitabu katika kijiji ni kwamba watu wanajuana. Kitabu kikichelewa, mtumie ujumbe mzazi kwa upole, na kikichelewa zaidi, mtu apitie nyumbani akitoka sokoni. Aliyekipoteza kweli asaidie kazi ya kufuta rafu Jumamosi mbili tatu, kisha aendelee kuazima.

Vitabu vyote viazimishwe hivyo, isipokuwa kamusi na vya aina yake. Kamusi, atlasi na Katiba hubaki mezani pa mkutubi na hazitoki, kwa sababu mtu huzihitaji kwa dakika tano na mwingine anazisubiri. Hapo wanakamati wako wana haki.

Baada ya hapo ndipo mnakuja kwenye kazi ngumu zaidi, nayo ni kuchuja. Ninaamini kwamba sababu kubwa ya vitabu vyenu kutofunguliwa ni kuwa vizuri vimefunikwa na vibaya. Msomaji anayeingia mara ya kwanza hutazama rafu kwa muda mfupi sana, na akikutana na safu ya miongozo ya kompyuta za zamani, riwaya zisizo na mwanzo na vitabu vya uhasibu vya nchi nyingine, huhitimisha kwamba hapa hapana chake. Ondoeni vitabu vyote rafuni, vilazwe juu ya mikeka, mvipitie kimoja kimoja mkijiuliza ni nani hapa Luanda atakayekihitaji. Kama hamwezi kumtaja mtu wa aina yoyote, mkulima, mwanafunzi, fundi, mama mwenye mtoto mchanga, mhubiri, kitabu hicho hakina nafasi. Msishangae mkibaki na vitabu 400. Chumba chenye vitabu 400 vinavyofaa huonekana kina vitabu vingi kuliko chenye 900 vilivyochanganyika, na wasomaji watawaambia hivyo wenyewe.

Vipo vitabu ambavyo ni lazima viondoke kwa sababu vinadhuru. Chukua vya afya. Kitabu cha miaka ya 1980 kinachomfundisha mzazi kumpa mtoto klorokwini akipata malaria kina hatari ya kweli katika eneo letu la ziwa na magharibi, kwa maana Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998, ikaingia Fansidar, kisha mwaka 2004 sera ikabadilika tena kuelekea dawa ya mseto yenye artemeta na lumefantrini ambayo watu wa kawaida huiita AL. Mtu akikiona kitabu maktabani hukiamini, kwa kuwa amekikuta mahali penye heshima, na imani hiyo ndiyo inayotulazimu tuwe waangalifu. Vitabu vya uraia vinavyozungumzia mikoa minane badala ya kaunti 47 navyo vinapotosha, ingawa nakala moja inaweza kuwekwa kwenye historia. Vya shule vinahitaji hesabu nyingine: mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanyika 2023, kwa hiyo marudio ya darasa la nane hayana mtahiniwa tena, lakini vya sekondari vya mfumo wa 8-4-4 vishikilieni hadi KCSE ya mwisho ya mfumo huo, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Nafasi inayopatikana iachieni vitabu vya mtaala wa umilisi, ambavyo wazazi wengi wanahangaika kuvinunua.

Vilivyochujwa msivichome hadharani. Watu wakiona moshi wa vitabu watasema maktaba imekufa, na aliyechanga atasikia kabla ya jioni. Vilivyo vizima lakini si vya kwenu, kama vya sheria au uhandisi, vipelekeni kwenye chuo kinachovihitaji, na vilivyooza viende kwa wanunuzi wa karatasi. Andikeni katika daftari la usajili, mbele ya kila namba, tarehe kilipoondolewa na sababu.

Kuhusu kupanga sitakuchosha. Maktaba zetu za umma hutumia mfumo wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaogawa maarifa katika mafungu kumi kuanzia 000 hadi 900, na ni vyema mkautumia kwa tarakimu tatu za kwanza, ili mtoto wa Luanda akienda kesho maktaba ya Kakamega au Kisumu asipotee. Kilimo kitakuwa 630, afya 610, dini 200, na historia 900. Mahali pamoja tu nawaruhusu muuvunje mfumo huo bila kuona haya. Dewey huipeleka fasihi ya Kiswahili karibu na mwisho wa mia nane, kwenye 896, na riwaya ya Mkenya iliyoandikwa kwa Kiingereza huiweka pamoja na za London. Ninyi vitoeni vitabu vyote vya Kenya na vya Afrika, vya lugha zote, mvipange kwenye rafu ya kwanza mtu anapoingia mlangoni. Ubao wa rafu usizidi sentimita 90 kutoka nguzo hadi nguzo, la sivyo utapinda, maana vitabu ni vizito kuliko vinavyoonekana.

Kuna kazi moja ndogo ambayo ningependa muifanye pamoja na watoto, kwa sababu ndiyo iliyonifanya mimi niipende kazi hii. Kitabu kipya kisifunguliwe kwa kulazimishwa katikati, kwani mgongo huvunjika na kurasa huanza kutoka kabla ya mwaka kwisha. Kisimamishe mezani kwa mgongo wake. Laza jalada la mbele, kisha la nyuma. Halafu laza kurasa chache kutoka mbele, upitishe kidole polepole kandokando ya mshono, kisha chache kutoka nyuma, upitishe kidole tena, hivyo hivyo mpaka mikono miwili ikutane katikati. Utasikia gundi ikilegea taratibu, na harufu ya wino itakupanda puani. Baada ya hapo piga mhuri nyuma ya ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mmoja wa ndani ambao kamati imeuchagua, uandike namba ya usajili kwa kalamu isiyofutika, na uvike jalada karatasi ya plastiki. Ukurasa ukichanika tumieni gundi nyeupe na kipande cha karatasi nyembamba, wala si selotepu, ambayo hugeuka manjano na kuila karatasi. Mtoto wa Gredi ya 3 anaweza kazi hiyo yote chini ya uangalizi, na aliyekivisha kitabu nguo atataka kujua kinasema nini. Huyo ndiye awe wa kwanza kukiazima.

Nije sasa kwa wasomaji. Katika sensa ya 2019 Vihiga ilikuwa na watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba, mojawapo ya kaunti zilizosongamana zaidi nje ya miji mikubwa. Ukichora duara la kilomita mbili kuzunguka chumba chenu, mwendo ambao mtoto huutembea kwenda shule, ndani yake mna watu wanaokaribia au kuzidi 12,000. Kwa hiyo wasomaji mnao, na wamewazunguka pande zote. Wengi wao hawajawahi kualikwa, au wanadhani kwamba maktaba ni ya wenye mitihani.

Anzeni na gazeti. Nakala moja ya Taifa Leo, ikiwekwa mezani kila asubuhi, itawaleta wazee ambao hakuna kitabu kingewaleta, na mzee akizoea kiti chake, mkutubi mwenye macho atajua anasoma ukurasa gani kwanza na atamwekea kitabu kinachohusu jambo hilo kando ya gazeti. Rafu pia zisionyeshe migongo peke yake. Kila wiki chagueni vitabu kumi, mvisimamishe majalada yakitazama mlango. Msomaji asiyejua jina la mwandishi yeyote huchagua kwa macho, na kwa hakika sisi sote tulianza hivyo.

Kwa watoto, hakuna kitu kinachoshinda kuwasomea kwa sauti. Jumamosi, wakishamaliza kazi za nyumbani, waketi mkekani, na msomaji achague hadithi aliyoisoma mwenyewe mapema mpaka anajua pa kupandisha sauti na pa kunyamaza. Aite "Hadithi! Hadithi!" nao waitikie "Hadithi njoo!" kama walivyozoea. Kisha asome hadi pale ambapo mhusika ameingia mashakani, afunge kitabu, aseme kwamba nakala tatu zipo mezani. Zitaondoka zote tatu siku hiyo, na waliozikosa watawafuata wenzao njiani. Ndiyo maana nasisitiza nakala nyingi za kitabu kimoja, kwani watoto hupenda kusoma kile ambacho wenzao wanakisoma ili wakizungumzie. Msipokuwa na fedha, mradi wa African Storybook una hadithi nyingi fupi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha kadhaa za magharibi mwa Kenya, zenye leseni inayoruhusu mtu kuzichapa bila malipo, nanyi mnaweza kuzitoa kwa mashine ya duka la karibu na kuzishona kwa uzi.

Watu wazima nao wana njaa ya kusoma, ila huja na shida kabla ya kuja na hamu. Niliwahi kumpokea mama mmoja mkulima ambaye hakutaja kitabu chochote. Alifungua fundo la leso akaniwekea mezani mmea ulionyauka, wenye vijiua vya rangi ya waridi iliyokolea, akauliza kama vitabu vyetu vinakijua kitu hicho. Kilikuwa kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama na kuyaacha mashamba ya huku kwetu bila mavuno. Tulikwenda naye kwenye rafu ya 633, ya mazao ya shambani, tukakuta kijitabu kuhusu kilimo cha vuta-sukuma kilichoendelezwa na watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, katika kituo chao cha Mbita, kando ya ziwa. Kilikuwa cha Kiingereza. Nilimsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, jinsi desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kati ya mistari ya mahindi, inavyozifanya mbegu za kayongo kuota na kufa kabla ya kushika mzizi, na jinsi nyasi ya nepia iliyozungushwa pembeni inavyowavuta nondo wa viwavi wanaotoboa mabua watoke shambani. Aliniuliza maswali ambayo kijitabu hakikuyajibu, akaondoka nacho, na alipokirudisha alikuja na majirani wawili. Hapo ndipo nilipopata uhakika wa jambo ambalo nimelishikilia tangu siku hiyo, kwamba mkutubi lazima ajue vitabu vyake vinasema nini ndani, kwa sababu yule mama hakuwa na njia ya kukijua kijitabu kile kwa mgongo wake wala kwa namba yake.

Kwa hiyo wekeni daftari la tatu, daftari la maswali. Kila mtu anapouliza jambo ambalo hamkuweza kumjibu kwa kitabu, liandikeni pamoja na tarehe: ufugaji wa kuku wa kienyeji, fomu za kurithi shamba, ugonjwa wa kisukari, namna ya kushona sare. Baada ya miezi michache mtakuwa na mpango wa ununuzi ulioandikwa na kijiji chenyewe. Katika madaftari yote matatu, hili ndilo ninalolithamini zaidi.

Wale wanafunzi wa sekondari wanaosoma madaftari yao msiwanung'unikie. Nyumbani labda taa ni moja na wadogo zao ni wengi, na kuwapa meza tulivu ni huduma kamili. Wapangieni saa, tuseme jioni na siku za mitihani, na asubuhi iwe ya watu wazima, alasiri ya watoto, ili kimya cha mmoja kisimzuie mwingine kucheka na hadithi. Kila anayeketi kusoma daftari, mkutubi apite aweke mbele yake kitabu kimoja kinachogusa somo lake, bila maneno mengi. Wengine watakifungua.

Haya yote yanamhitaji mtu. Hukunieleza ni nani anayekaa na ufunguo, na mara nyingi huwa ni kijana anayesubiri kazi nyingine, ambaye anakaa mlangoni kulinda. Tafuteni anayesoma. Shahada ya ukutubi si lazima kwa sasa, ingawa mafunzo yapo katika ngazi za cheti na stashahada, na Chuo Kikuu cha Moi kimefundisha taaluma hii tangu 1988. Lililo la lazima ni kwamba asome vitabu vya chumba hicho, angalau kurasa chache za kila kimoja, na ajue majina ya wanaoingia. Mlipeni kitu kila mwezi, hata kidogo, kutokana na mchango wa kanisa au wa wana wa kijiji, kwa kuwa wa kujitolea huondoka mara tu apatapo kibarua. Wewe mwenyewe, Mwalimu, uliyefundisha nusu ya kijiji hicho kusoma, una nafasi ambayo hakuna mtu mwingine anayo: ukimwambia mzazi kwamba kitabu fulani kinamfaa mwanawe, atakichukua.

Upande wa serikali kuna mambo machache ya kufuata. Jisajilini kama kikundi cha kijamii chini ya sheria ya mwaka 2022, ili muwe na akaunti na sauti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo mna haki ya kufika kwenye vikao vya umma vya bajeti mkadai fungu la maktaba, mkiwa na daftari la kuazimisha mkononi kama ushahidi. Ulizeni pia maktaba ya umma iliyo karibu nanyi kuhusu uanachama wa taasisi, unaokiwezesha kikundi kuazima vitabu vingi kwa mkupuo na kuvibadilisha baada ya muda. Huduma ya Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, iliwekwa ili vitabu viwafikie watu wa kila mahali nchini, na kijiji chenu kimo.

Na vitabu vya kutoka ng'ambo? Kwa sasa hapana, mpaka muwe mmechuja. Masanduku ni mazito, usafirishaji na ushuru hula fedha nyingi, na mtu aliye mbali hukusanya kile ambacho majirani zake wamekichoka. Waandikieni ndugu hao barua ya shukrani ya kweli, yenye hesabu ya vitabu vilivyoazimwa, mwambatanishe na orodha ya vitabu kumi na viwili vilivyotoka katika daftari la maswali, pamoja na bei zake katika maduka ya vitabu ya Kisumu. Waombeni watume fedha za kununua hivyo tu, nakala tano tano za hadithi za watoto na moja moja za vile vya kazi. Mkishaiandika orodha ya kwanza, nitumie niipitie, nami nitawaambia ni vipi vina matoleo mapya yanayolingana na mtaala na ni vipi vinaweza kupatikana kwa bei nafuu kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika.